Majina Hamsini ya Wel Garas

Wel Garas, kupita Hulugho
4 Juni 2022

Ruweyda abaayo, dada yangu,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima, mama yetu Hooyo mzima, mbuzi waliobaki ni wazima kidogo. Ukiona mwandiko umepinda usicheke, naandikia juu ya goti. Tena usiniulize mbona sikuandika Kisomali. Mwalimu alitufundisha kuandika Kiswahili na Kiingereza, lugha ya mama yetu akatuachia mdomoni. Simu nayo unajua. Mnara ulilipuliwa mwaka juzi na mpaka leo umelala kifudifudi. Kwa hiyo barua inakuja na Kerrow, kwenye gari la maziwa ya ngamia. Ikifika inanuka, usimlaumu mtu.

Hooyo amefurahi kupita kiasi kusikia umepata kazi kwenye Baraza la Wadi Tano, tena ofisi yenyewe inayopokea maombi ya wananchi. Nimemwambia wewe ni karani tu. Amesema karani ndiye anayeshika karatasi, na serikali ni karatasi.

Sasa shida yetu. Injini ya kisima ilichukuliwa na lori la Baraza lenu mwezi wa Aprili mwaka jana, ikatengenezwe. Waliahidi wiki tatu. Mzee Aweys, mwenyekiti wa kisima, hakuwaamini. Kabla hawajaipakia alipasha chuma moto akaiunguza rangi ya injini ubavuni, akaipiga chapa ya ngamia wetu, nusu mwezi na fimbo. Wale mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Aliwaambia, "Nyinyi mna namba zenu. Mimi hii ndiyo namba yangu."

Imepita miezi kumi na nne. Tunakunywa silanga moja na punda, lile bwawa la maji ya mvua, na silanga lenyewe limebaki matope. Hooyo anachuja kwa shuka lake la kichwa, anasema maji yana ladha ya shuka. Mwakilishi wa wadi alikuja, akasema amesikia, akaondoka.

Ndiyo maana tumeandika ombi, liko ndani ya bahasha hii. Majina sitini na moja. Nimezunguka boma kwa boma mwenyewe, wengine saini, wengine dole gumba. Jina langu ni la kwanza kwa sababu kalamu ilikuwa yangu.

Lifikishe panapotakiwa. Silanga haliwezi kungoja kama watu.

Dada yako,
Weris


BARAZA LA WADI TANO
Ofisi ya Maombi ya Wananchi
Garissa
20 Juni 2022

Kwa Bi. Weris Abdinoor,
kwa niaba ya wakaazi wa Wel Garas

KUH: OMBI LA KURUDISHIWA INJINI YA KISIMA

Ofisi hii inakiri kupokea ombi lenu la tarehe 4 Juni. Kwa mujibu wa taratibu, ombi husikilizwa na Baraza likiwa na saini za wakaazi wasiopungua hamsini wenye vitambulisho vya taifa. Baada ya ukaguzi, majina thelathini na manne yameonekana hayana namba ya kitambulisho na yamekatwa kwa wino mwekundu. Yamebaki ishirini na saba.

Ombi linarudishwa kwenu kwa marekebisho.

R. Abdinoor
Karani wa Maombi


Garissa
20 Juni 2022

Dada yangu Weris,

Tafadhali soma barua hii baada ya ile ya ofisi, na ile ya ofisi usiichukie. Nimeiandika mara nne nikitafuta maneno yasiyokuwa makali. Nimegundua kuwa ofisini hayapo.

Nianze na hili ninalokuomba. Hapa hakuna anayejua kwamba wewe ni dada yangu. Jina la Abdinoor ni la watu wengi na hakuna aliyeuliza. Niko kwenye miezi sita ya majaribio. Mama anayetuuzia chai aliniambia kwamba karani aliyenitangulia aliondoka ghafla, na inasemwa alikuwa akisukuma mbele maombi ya watu wa kwao. Msimamizi wetu, Bwana Salat, ni mtu asiyesema sana. Akipita nyuma ya kiti changu mkono wangu unaacha kuandika wenyewe. Kwa hiyo ombi la Wel Garas nimelikagua kuliko mengine yote, ili mtu yeyote akija kulifungua asikute mahali pa kunishika. Ukiniandikia kuhusu mambo ya nyumbani, mpe Kerrow mkononi, asiache mapokezi.

Najua jina lako ni mojawapo ya yale niliyoyakata. Nilianza nalo kwa sababu lilikuwa la kwanza. Nilidhani nikilimaliza hilo mengine yatakuwa mepesi.

Tafuteni watu hamsini wenye vitambulisho. Wapo, nina hakika.

Mimi mzima. Chumba changu kina maji kila siku ya tatu, najaza ndoo mbili. Chakula cha mchana nakula peke yangu kwenye uwanja wa nyuma wa ofisi. Kuna vyuma vimefunikwa turubai, vinatoa kivuli kizuri, na hakuna anayekuja huko kunihoji. Mwambie Hooyo nakula vizuri.

Mdogo wako,
Ruweyda


Wel Garas
9 Julai 2022

Karani wa Maombi,

Nakutania. Abaayo, nimekuelewa. Kerrow nimemwapisha, na amesema siri za wanawake anazo nyingi kuliko mitungi ya maziwa, moja zaidi haimpasui.

Ombi lilirudi likiwa jekundu kama limechinjwa. Nililisoma kwa sauti, watu wote wamekaa. Kila nilipofika kwenye jina lililokatwa mwenyewe aliniuliza, "Kwani mimi siko hapa?" Mama yake Iftin aliinuka akazunguka mbele yetu ili tumwone vizuri, kisha akaketi. Tulicheka, lakini baadaye hakuna aliyetaka chai.

Wewe unawajua wale thelathini na wanne. Karibu wote ni rika letu. Ni watoto wa ukame wa 2011, waliopelekwa kambini Dadaab kuandikwa pamoja na wakimbizi ili nyumbani pafike unga. Mama zetu hawakujua kwamba kidole kikishawekwa kwenye kioo cha mashine yao hakitoki tena kwenye orodha ya wakimbizi. Mimi nimekwenda kuomba kitambulisho mara tatu. Kila mara nikiweka kidole kompyuta inawaambia mimi si Mkenya, na yule afisa ananitazama kama nimeiba kidole cha mtu.

Sikulaumu. Wewe siku ile ulikuwa na homa, akaenda mwingine, basi. Nakuuliza tu kama msomi wetu: hakuna njia nyingine? Chifu wa Hulugho anatujua kwa sura mpaka kwa babu. Neno lake halitoshi?

Nimehesabu. Wenye vitambulisho tuliobaki nao hapa ni thelathini na tisa, pamoja na wale ambao sikuwakuta mara ya kwanza, nikiwatoa walioondoka na ngamia. Kumi na mmoja nitawatafuta kwa miguu, huko malishoni upande wa Ijara. Watu wetu wa hapa hapa, wamehama na mifugo tu. Punda amekufa, kwa hiyo nitakwenda nilivyo.

Hooyo nyonga inamuuma. Anakwenda silangani alfajiri na kurudi adhuhuri na mtungi nusu. Nikimwambia apumzike, anasema injini inakuja, binti yake yuko huko.

Weris


Garissa
23 Julai 2022

Dada Weris,

Nimesoma barua yako chooni, mlango nimeukomea. Samahani kwa kukwambia hivyo, ndivyo ilivyo.

Umeuliza kama kuna njia nyingine. Hakuna. Nimesoma taratibu zote. Neno la chifu halitoshi.

Nakutumia viatu, vile vya ngozi nilivyonunua nilipopata kazi. Malishoni ni mbali, na vyako navijua. Pia nakutumia dawa ya nyonga, apake Hooyo usiku. Kila mtu atakayeweka dole gumba hakikisha namba yake unaiandika wewe mwenyewe, tarakimu nane, na usome tena. Ikikosewa tarakimu moja nitalazimika kulikata jina.

Mdogo wako,
Ruweyda


Wel Garas
30 Agosti 2022

Abaayo,

Nimerudi jana. Siku kumi na saba. Viatu vyako ni vizuri lakini vilitengenezwa kwa mtu wa ofisini, siku ya nne nilivivua nikavining'iniza shingoni. Watu waliniona kwa mbali wakadhani nauza viatu.

Nimewapata kumi na mmoja na wa ziada mmoja. Wote wana namba, wote tarakimu nane, nimezisoma mpaka naziota. Mmoja wao nilimkuta amekaa na mizoga ya ng'ombe wake saba. Nikaona aibu kumtolea karatasi. Yeye ndiye aliyeniambia, "Leta hiyo kalamu, mikono yangu haina kazi nyingine."

Hamsini na mmoja, Ruweyda. Safari hii jina langu halimo. Nimelikusanya ombi ambalo mimi simo. Mzee Aweys ndiye wa kwanza sasa. Aliomba nimshike mkono kwa sababu unatetemeka, na baada ya kuweka dole gumba aliniuliza kama kwenye karatasi nimeichora chapa. Nikasema hapana. Akasema, "Ichore. Hao watu wana injini nyingi. Wataijuaje ni yetu?" Nimeichora pembeni, utaiona. Usiikate.

Silanga limekauka siku nilipokuwa malishoni. Sasa tunachimba katikati yake, tunangoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Familia sita zimeondoka. Hooyo hakubali hata kusikia neno kuondoka.

Kerrow anasema ngamia hawatoi maziwa, na gari lake litakuja mara moja kwa mwezi tu. Basi tufanye haraka.

Weris


BARAZA LA WADI TANO
Ofisi ya Maombi ya Wananchi
Garissa
15 Septemba 2022

Kwa wakaazi wa Wel Garas

KUH: OMBI LA KURUDISHIWA INJINI YA KISIMA (MARA YA PILI)

Ombi lenu la tarehe 30 Agosti limekaguliwa. Imebainika kuwa mtia saini wa kwanza, Aweys Gure, amefariki dunia tarehe 2 Septemba, na kwamba watia saini wengine wawili si wakaazi tena wa Wel Garas. Yamebaki majina arobaini na manane.

Ombi linarudishwa kwenu kwa marekebisho.

R. Abdinoor
Karani wa Maombi


Garissa
3 Oktoba 2022

Dada yangu Weris,

Sijui kama barua ya tarehe 15 imekufikia. Ikiwa bado, nakuomba uichome bila kuifungua. Ikiwa umeisoma, soma na hii, kisha ufanye unavyoona.

Habari za Mzee Aweys niliambiwa na Kerrow. Aliniletea ombi lenu, na wakati anakunywa maji akasema Mungu amrehemu, tumemzika Ijumaa, akawataja na wawili waliohama. Alikuwa ananipa msiba. Mimi niliitikia inna lillahi, halafu alipotoka nikatoa kalamu nyekundu. Niliogopa kwamba mtu mwingine angejua na kuuliza kwa nini karani ameacha jina la maiti. Hakuna mtu Garissa nzima ambaye angejua, Weris. Nilijua mimi peke yangu.

Kuna mambo mengine. Nitayaandika kwa mpangilio, la sivyo nitaacha moja makusudi.

Uliniuliza kama kuna njia nyingine nikakujibu hakuna. Ipo. Kifungu cha kumi na mbili cha taratibu zetu kinasema mtu asiye na kitambulisho anahesabiwa ikiwa chifu wake atathibitisha kwamba ni mkaazi na msimamizi wa ofisi akakubali. Nilikijua kifungu hicho tangu siku ya kwanza ya kazi. Sikukwambia kwa sababu kingenilazimu kuingia kwa Bwana Salat na kumwomba jambo kwa ajili ya watu wa kwetu. Kila asubuhi nilisema nitaingia kesho.

Alhamisi iliyopita upepo mkali ulivuma mchana. Nilikuwa nimekaa mahali pangu pa chakula, mgongo nimeegemea vile vyuma. Kamba ya turubai ilikatika. Nilipogeuka kulishika lisipeperuke niliona rangi ya kijani imeungua ubavuni. Nusu mwezi na fimbo.

Nimekula chakula changu juu ya injini yenu tangu Mei. Niliweka kikombe cha chai juu yake.

Nilimuuliza mtunza bohari. Alisema ilitengenezwa zamani, ikarudi bila kibati cha namba, na hakuna aliyejua ni ya kisima gani. Ile alama waliiona, wakadhani ni moto wa fundi. Wanangoja watu wa kisima chochote waandike barua kuidai ndipo waipeleke. Nilimuuliza, ikiwa barua hiyo haiji? Akasema, "Basi hawana kiu."

Niliingia kwa Bwana Salat bila kubisha hodi. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja, kifungu cha kumi na mbili, injini, majina, na kwamba wewe ni dada yangu. Nilidhani nitamaliza nikiwa sina kazi. Akasema, "Ruweyda, majina yenu ya mwisho yanafanana, nami najua kusoma. Nilijua tangu ombi la kwanza. Nilidhani utaniletea." Nikamuuliza kuhusu karani aliyenitangulia. Alisema yule aliolewa Habaswein, na yeye mwenyewe alikula pilau ya harusi.

Aliidhinisha majina yenu yote ya ombi la kwanza kwa muda usiofika dakika tano. Chifu wa Hulugho atathibitisha kwa barua. Baraza litasikiliza ombi la Wel Garas tarehe 27 Oktoba saa tatu asubuhi. Injini haitoki uwanjani bila amri ya Baraza, na amri haitolewi bila mwombaji mmoja kusimama na kujibu. Mmoja tu anatosha. Njoo wewe. Jina lako limerudi, ni la kwanza tena, nimeliandika kwa wino mweusi.

La mwisho. Siku ile ya 2011 sikuwa na homa. Hooyo alikuwa ameamua niende mimi kambini na shangazi, kwa sababu wewe ulijua mbuzi kuliko mimi. Niliogopa gari, niliogopa watu wale na mashine yao. Nilichukua birika la moto nikaliweka kwenye paji la uso, kisha nikajilaza. Hooyo alinigusa akakutuma wewe. Kile kidole kwenye kioo kilikuwa kiwe changu. Miaka kumi na mmoja nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto. Halafu nikakua, nikapewa kalamu, nikalikata na jina lako.

Njoo tarehe 27. Nitakuwa mlangoni.

Ruweyda


Garissa
14 Oktoba 2022

Dada Ruweyda,

Mimi ni Kerrow. Nimepita ofisini kwako wakasema uko msikitini, nimeacha hii kwa mama wa chai. Kuandika si kazi yangu, unisamehe.

Ile barua yako bado iko na mimi. Nimefika Wel Garas juzi, hakuna mtu. Nyumba zote zimefunguliwa, vijiti na mikeka, na wamama wamebeba. Imebaki miduara tu hapo chini na majivu. Nimepiga honi mara mingi, mwisho nikaona naharibu honi.

Barua ya ofisi, ile ya kusema mzee amekufa, mimi ndiye nilipeleka mwezi jana. Dada yako alisoma pole pole. Alikunja akaweka ndani ya kile kiatu ulimpa, akafunga. Mimi nilifikiri ni ya pole ya msiba. Kama ningejua yale maneno nimekwambia utayaweka kwa karatasi ningenyamaza, wallahi.

Mchungaji mmoja ameniambia wamechukua njia ya Dadaab, eti huko pembeni ya kambi bomba inatoka asubuhi na jioni. Hooyo wako walimweka kwa mkokoteni. Nina mzigo wa kwenda huko mwisho wa mwezi. Nitawatafuta. Kabla ya tarehe yako siwezi, gari ni ya mtu.

Usilie sana.

Kerrow


Garissa
28 Oktoba 2022

Dada Weris,

Kerrow atakukuta na barua mbili, hii na ile ndefu. Anza na ile ndefu.

Jana nilikuwa mlangoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kila mwanamke mrefu aliyepinda kona nilisimama. Saa tatu nikaitwa ndani nikachukue kumbukumbu.

Kwa mujibu wa taratibu, mwenyekiti huita jina la mahali mara tatu. Aliita Wel Garas. Watu walikuwa wanapepea makaratasi kwa joto. Aliita tena. Fundi wa maji alikuwapo, dereva wa lori alikuwapo, Bwana Salat alikuwa ameweka faili letu juu kabisa. Kutoka dirishani niliiona injini. Walikuwa wameshaipakia kwenye lori, wanangoja amri tu.

Alipoita mara ya tatu nilisimama. Nilisema, "Mimi ni wa Wel Garas." Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini walinisikia, kwa sababu wote waligeuka.

Mwenyekiti hakukasirika. Alisema kwa upole, "Karani haombi, binti. Karani anaandika." Akauliza kama yupo mwombaji mwingine. Bwana Salat aliinamisha kichwa.

Nikaketi nikaandika. Niliandika hivi: Waombaji wameitwa mara tatu na hawakufika. Inaaminika hawaishi tena mahali palipotajwa. Ombi limefungwa. Ni mwandiko wangu, na chini kuna saini yangu.

Niambie nifanye nini. Nikiacha kazi nitakuja huko. Nikibaki nitaandika ombi jipya kwa jina lolote utakalonipa. Nitafanya utakalosema.

Ruweyda


Dadaab
19 Novemba 2022

Ruweyda,

Kerrow ametupata. Amezunguka siku mbili akiuliza, mtu mzuri yule. Barua zako nimezisoma kwa mpangilio ulioutaka.

Hooyo yuko hai. Hatembei tena lakini yuko hai. Bomba liko karibu, linatoka asubuhi na jioni kama tulivyoambiwa. Siku ya kwanza alikunywa vikombe vinne bila kuchuja, kisha akakaa na shuka lake mapajani hajui alifanyie nini. Sijamsomea barua zako. Nimemwambia umetusalimia.

Kuhusu injini, waambie wasiipeleke. Itampandishia nani maji? Bomani kwetu wamebaki Mzee Aweys na wenzake chini ya mawe. Ningependa mtu aiguse ile chapa kwa niaba yake. Iliungua vizuri, na mtu mmoja aliweza kuisoma. Alikuwa na haki ya kujua hilo.

Nimekwenda kuandikwa hapa. Jina langu wamelikuta, lilikuwa linaningoja tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Karani ni msichana kama wewe, mwandiko mzuri, mwoga kidogo. Aliniuliza natoka nchi gani. Nikatazama kidole changu mpaka watu wa nyuma wakaanza kunisukuma. Nikamwambia aandike anachotaka. Aliliandika jina langu polepole, akalisoma tena kuhakikisha. Niliangalia mezani kwake. Hakuwa na kalamu nyekundu.

Umenieleza la birika kama habari. Nilikuona, abaayo. Nilikuwa nimelala nyuma yako, jicho moja wazi. Niliona unalishika kwa pindo la gauni, na baadaye niliona duara jekundu kwenye paji lako, umelifunika kwa nywele. Hooyo alipouliza ni kweli unachemka, nani alimwambia kweli, mtoto anaungua? Ni mimi. Nilipanda lile gari kwa hiari yangu. Baadaye, kompyuta iliponikataa, nilijiambia, mmoja wetu asiyekuwa na doa anatosha, siku moja atatusemea.

La birika nilikusamehe siku ile ile, kabla gari halijaondoka. La kalamu nimejaribu. Nimejaribu kila alfajiri nikiwa kwenye foleni ya bomba, na ndoo ikijaa naona bado.

Usiache kazi. Usije. Usiandike mpaka mimi niandike kwanza. Viatu vyako nimempa Kerrow akurudishie, vina barua ndani, ile ya tarehe 15. Iweke kwenye faili mahali pake.

Hooyo anawaambia majirani wapya kwamba ana binti Garissa anayeshika karatasi za serikali. Hawamwamini. Mimi huwa nawaambia ni kweli.

Weris Abdinoor
wa kwanza kati ya sitini na moja